Goti la binti, kidole cha mtoto: umri na jinsia katika majeraha ya mpira wa mikono

Jioni moja ya mwezi Mei, kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya bwalo la shule moja ya sekondari hapa Moshi, binti wa kidato cha tatu alipokea pasi upande wa kushoto, akapiga hatua tatu, akaruka na kuachia shuti. Mpira ukaingia golini. Yeye akatua kwa mguu mmoja, wa kushoto, goti likiwa limenyooka karibu lote, kisha likalalia ndani kama mlango uliong'oka bawaba. Hakuna aliyemsukuma. Beki wa upande wa pili alikuwa hatua mbili nyuma yake. Mimi, mwalimu wao, nilikuwa kwenye benchi, nikasikia kitu kikilia "ta!", kama kijiti kikavu. Wenzake walikuwa bado wanashangilia goli.

Kabla ya chakula cha usiku goti lilikuwa limejaa kama papai. Mtu akaleta maji ya moto na kitambaa, akaanza kumkanda. Asubuhi yake ofisi ya walimu iligawanyika. Mmoja akasema mpira wa mikono ni wa wanaume, wasichana wabaki na netiboli. Mwingine akasema shida ni umri, mifupa ya mtoto haijakomaa. Nilirudi nyumbani nimeudhika na kauli zote mbili, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza watu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kila ninapopata nafasi. Swali la nani anaumia linaamua nani anaruhusiwa kucheza na nani anaambiwa akae pembeni, na shuleni kwetu tunalijibu kwa kukisia.

Kwanza tuelewane kuhusu kuhesabu, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Tuseme shule ina wavulana 40 wanaofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara, na wasichana 14 wanaofanya mara moja tu kwa wiki kwa sababu kiwanja ni kimoja na wavulana ndio wanaokishika. Baada ya wiki kumi, wavulana sita wameumia na wasichana wanne. Ukiangalia daftari la huduma ya kwanza utasema wavulana wanaumia zaidi. Lakini wavulana wamecheza jumla ya saa 2,400 na wasichana saa 280. Kwa kila saa 1,000 za uwanjani, wavulana wameumia mara mbili na nusu, wasichana mara kumi na nne. Daftari lile lile, jibu limegeuka. Ndiyo maana watafiti wa michezo huhesabu majeraha kwa saa za kucheza, hawahesabu vichwa.

Jambo la pili ni nini tunakiita jeraha. Mvulana aliyelelewa kwa "jikaze kiume" atacheza miezi miwili na bega linalouma bila kumwambia mtu. Msichana akisema mapema kwamba anaumwa, anaandikwa. Ukihesabu waliolalamika unapata picha moja, ukihesabu waliokosa mazoezi unapata nyingine, ukihesabu waliopelekwa hospitali unapata ya tatu.

Na mechi si mazoezi. Katika mashindano sita makubwa ya kimataifa, ya wanaume na ya wanawake, yaliyofuatiliwa na madaktari wa timu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wastani ulikuwa jeraha moja na nusu kwa kila mechi. Mengi yalikuwa madogo, mchezaji anafungwa bandeji na kurudi. Lakini kiwango hicho ni cha juu, na ukiujua mchezo hushangai: watu saba kila upande kwenye eneo la mita 40 kwa 20, dakika 60, wakikimbia, wakikatiza, wakiruka, na sheria inaruhusu beki kumkabili mshambuliaji kwa mwili.

Sasa ukishasawazisha saa za kucheza, ukayaweka majeraha yote kwenye kapu moja, pengo kati ya wanaume na wanawake huwa dogo, na hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Kifundo cha mguu kuteguka, kwa mfano, hakichagui. Mchezaji anatua juu ya kiatu cha mwenzake, unyayo unapinda kwa ndani, basi. Hilo linawapata kaka na dada sawa. Ukiishia hapo utasema jinsia haina neno. Lakini fungua kapu, utoe jeraha moja moja, na hapo lile la binti wa kidato cha tatu linajitenga na mengine.

Ndani ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama herufi X. Ile ya mbele ndiyo watangazaji wa mpira wanaiita ACL. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na usijizungushe chini ya mfupa wa paja. Ikikatika, goti linaweza kubeba uzito wako ukitembea moja kwa moja kwenda sokoni, lakini ukitaka kugeuka ghafla linakukimbia. Kwa wanawake wanaocheza mpira wa mikono ligamenti hii hukatika mara mbili hadi tano zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo huo huo kwa kiwango hicho hicho. Watafiti wa Norwe, akiwamo mtaalamu wa fiziotherapia Grethe Myklebust, walianza kulihesabu jambo hili tangu miaka ya 1990, kwa sababu nchini kwao mchezo huu unapendwa mno na wasichana, na walikuwa wanaona magoti yakikatika msimu baada ya msimu.

Na mara nyingi hukatika vile nilivyoona: hakuna aliyegusa goti. Mchezaji anapiga chenga, anachomeka mguu mmoja ili akate upande wa pili, au anatua kwa mguu mmoja baada ya kuruka. Goti halijakunjwa vya kutosha, unyayo umeangalia nje, uzito wa mwili uko upande, goti linaingia ndani. Watafiti waliochambua picha za video za ajali kama hizo kwa wachezaji wa kike waliona kwamba ligamenti hukatika yapata milisekunde 40 tu baada ya mguu kugusa chini. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo hakuna binti anayeweza kuwaza "goti langu linaingia ndani, ngoja nilirekebishe". Mwili lazima uwe umezoea kutua vizuri kabla hajaruka.

Kwa nini wasichana zaidi? Hapa sababu zimesukwa kama mkeka, ukivuta ukindu mmoja unakuja na mwingine. Kuna maumbile: nyonga pana zaidi, nafasi finyu zaidi ndani ya goti ambamo ligamenti inapita, na ligamenti yenyewe kuwa nyembamba. Kuna homoni: watafiti wamechunguza sana mzunguko wa hedhi na majibu yao hayajakubaliana, kwa hiyo mwalimu anayemzuia binti kucheza kwa sababu ya tarehe zake hana ushahidi wa kusimamia. Kuna jinsi misuli inavyofanya kazi: wasichana wengi wakitua hutegemea zaidi msuli wa mbele wa paja, unaovuta ugoko mbele, kuliko misuli ya nyuma ya paja, inayourudisha.

Halafu kuna lile ambalo sisi walimu hatupendi kulisema. Mvulana wa Majengo au Njoro ametumia utoto wake wote akicheza chandimu, akiruka mitaro, akianguka na kuinuka, akijifunza bila kufundishwa namna ya kutua. Dada yake saa hizo hizo alikuwa anachota maji na kuosha vyombo. Wanakutana kidato cha kwanza, wote wanapewa mpira na kuambiwa waruke. Yeye anapata kiwanja siku moja kwa wiki, hakuna anayemfundisha mazoezi ya nguvu, na raba alizovaa zimenunuliwa mtumba Kiboriloni, zimekatwa kwa mguu wa mwanamume na ni kubwa kwake kwa namba moja. Sehemu ya tunachokiita jinsia ni mifupa na homoni. Sehemu nyingine ni namna tulivyomlea, na sehemu hiyo iko mikononi mwetu.

Kuhusu netiboli nitasema jambo moja tu. Netiboli ni mchezo wa kuruka, kudaka na kusimama ghafla kwa mguu mmoja. Ligamenti hiyo hiyo hukatika sana kwenye netiboli. Kumhamishia binti huko ni kumhamisha kiwanja, goti anakwenda nalo.

Tuje kwenye umri, ambao hauwezi kutenganishwa na jinsia, na hapo yule mwalimu wa pili wa ofisini, aliyesema mifupa haijakomaa, alikuwa na nusu ya ukweli. Kabla ya kubalehe, magoti ya wasichana na wavulana hayatofautiani sana kwa hatari. Mtoto wa darasa la nne akianguka, anavunjika mkono au anateguka kidole. Vidole hasa: mpira unakuja kwa kasi, mkono ni mdogo, kidole kinakutana na mpira kikiwa kimenyooka. Na hapa kuna kosa ninaloliona kila mwaka. Sheria za mchezo zina mipira ya saizi tatu. Saizi ya 3, ya wanaume na wavulana waliozidi miaka 16, ina mzunguko wa sentimita 58 hadi 60 na uzito wa gramu 425 hadi 475. Saizi ya 2, ya wanawake na wavulana wa miaka 12 hadi 16, ni sentimita 54 hadi 56 na gramu 325 hadi 375. Saizi ya 1 ni ya watoto, sentimita 50 hadi 52, gramu 290 hadi 330. Shule nyingi zina mpira mmoja, na mpira huo ni ule wa wakubwa. Mtoto wa miaka 11 anaukumbatia kwa mikono miwili, hawezi kuukamata kwa mmoja, akitaka kuurusha anatumia bega lote na mgongo. Kisha tunashangaa anaumwa bega.

Mifupa ya mtoto hurefuka kutoka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano inayovuta juu yake. Kwa hiyo mahali ambapo mtu mzima angeumia kano, mtoto huumia pale kano inaposhikia: kisigino kwa wale wa miaka tisa mpaka kumi na tatu hivi, uvimbe unaouma chini ya goti kwa wale wanaorefuka kwa kasi. Wazazi wengi hapa mjini huyaita maumivu ya kukua na kuyaacha. Mengi hupona, ni kweli, lakini hupona kwa kupunguza kuruka na kukimbia kwa muda, si kwa kukazana.

Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana karibu na 14. Hapo fikiria fimbo ya kuangulia maembe iliyoongezwa nusu mita ghafla: mkono ni ule ule, fimbo ni ndefu, kuiongoza ni kazi. Mvulana akishapita hapo, mwili wake unamwongezea misuli mingi kwa haraka, naye anaikamata tena fimbo yake. Msichana anaongezeka urefu na uzito lakini nguvu za misuli hazipandi kwa kasi hiyo, isipokuwa azifanyie mazoezi. Kuanzia miaka 13 au 14 pengo la goti linafunguka, na miaka ya 15 hadi 20 ndiyo yenye hatari zaidi. Yaani kidato cha pili hadi cha sita. Yaani hao hao tunaowapeleka kwenye mashindano.

Ongeza na hili: umri wa cheti cha kuzaliwa si umri wa mwili. Kwenye timu moja ya sekondari utakuta mvulana wa miaka 15 mwenye ndevu na mwingine wa miaka 15 ambaye sauti haijavunjika. Wanagongana kwenye mstari wa mita sita, ule unaozunguka goli. Mwalimu anayewapanga kwa kidato peke yake anampanga mwenye kilo 45 amzuie mwenye kilo 70.

Bega lina hadithi yake, tofauti na ya goti. Goti hukatika siku moja saa fulani. Bega huchakaa kimya kimya, shuti juu ya shuti, mpaka siku mchezaji anashindwa kunyoosha mkono kuchukua daftari juu ya kabati. Utafiti wa wachezaji vijana wa Uswidi wa miaka 15 hadi 18 ulionyesha matatizo ya bega ni mengi zaidi kwa wasichana, na yanaongezeka kadiri wanavyopanda darasa. Huko Denmark walifuatilia vijana 679 kwa wiki 31, wakiandika kila wiki wamecheza saa ngapi. Aliyeongeza saa zake kwa zaidi ya asilimia 60 kulinganisha na wastani wa wiki nne zilizotangulia alikuwa na hatari ya kuumia bega karibu mara mbili.

Niliposoma hilo niliweka kitabu chini nikatafakari kalenda yetu. Mpira wa mikono ni miongoni mwa michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za msingi na za sekondari. Kuanzia Januari mwanafunzi anafanya mazoezi saa tatu kwa wiki, pengine mbili, na wakati wa masika wiki nyingine hakuna kabisa kwa sababu kiwanja ni tope. Kisha anachaguliwa timu ya wilaya, anaingia kambini: asubuhi na jioni, saa tatu kwa siku, siku sita. Kutoka saa 3 hadi saa 18 kwa wiki. Hiyo si nyongeza ya asilimia 60, ni ya asilimia 500. Baadaye akirudi na bega bovu tunasema "huyu mtoto ni laini".

Kwa wakubwa nitakuwa mfupi, kwa sababu Moshi na Arusha wanaocheza mchezo huu baada ya miaka 30 ni wachache, wengi ni askari na walimu. Kwao misuli na kano ndizo zinazolalamika, hasa kano ya kisigino, na makipa hulemewa na viwiko baada ya miaka ya kuzuia mashuti kwa mkono ulionyooka. Lakini kinachomwumiza mtu mzima zaidi ya miaka yake ni jeraha la zamani ambalo halikupona sawasawa. Ukikuta kwamba wenye miaka 28 wanaumia kuliko wenye 20, uliza kwanza wangapi kati yao waliwahi kuumia pale pale.

Yote haya yangekuwa maneno ya kukatisha tamaa kama kusingekuwa na linalofanyika. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha jaribio lililofanywa Norwe kwa vilabu 120 na wachezaji 1,837 wa miaka 15 hadi 17, wengi wao wasichana. Nusu ya vilabu vilipewa mazoezi maalumu ya kupasha mwili, dakika 15 hadi 20: kukimbia kwa mpangilio, kujifunza kukatiza na kutua, kusimama kwa mguu mmoja juu ya kitu kinachoyumba, na nguvu za mapaja. Nusu nyingine waliendelea na desturi zao. Katika msimu wa miezi minane majeraha ya ghafla ya goti na kifundo yalikuwa 81 kwa waliobaki na desturi na 48 kwa waliofanya mazoezi yale. Umri ule ule, jinsia ile ile, homoni zile zile. Kwa bega pia: timu 45 za ligi kuu za huko, wachezaji 660, mazoezi ya kuvuta ukanda wa mpira na ya kuzungusha mgongo mara tatu kwa wiki, na hatari ya matatizo ya bega ikashuka kwa asilimia 28.

Shuleni kwetu hatuna vibao vya kuyumbia. Tunakunja kipande cha godoro mara mbili, mchezaji anasimama juu yake kwa mguu mmoja na kurushiana mpira na mwenzake. Kwa misuli ya nyuma ya paja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anajiachia mbele polepole kadiri awezavyo kabla ya kujipokea kwa mikono. Kwa kutua tunawapanga wawili wawili: mmoja anaruka, mwingine anachuchumaa mbele yake na kazi yake ni kuangalia goti tu. Likipita kidole gumba cha mguu kwenda ndani, anasema "ndani", na mrukaji anarudia. Wasichana wamekuwa wakali kuliko mimi katika hili.

Na ikishatokea? Goti lililolia "ta" na kujaa ndani ya saa chache lina damu ndani, na mara nyingi ni ligamenti. Maji ya moto na kukanda siku hiyo huongeza uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, mguu uinuliwe, na hospitali yenye daktari wa mifupa. Kwa mkoa wetu kuna KCMC, ambako pia wanafundishwa wataalamu wa fiziotherapia. Kupona kwake si kwa kuangalia kama maumivu yameisha. Kwa waliofanyiwa upasuaji, utafiti wa Norwe ulionyesha kwamba kila mwezi anaosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi ufike wa tisa, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Na vijana chini ya miaka 25 wanaorudi kucheza, karibu mmoja kati ya wanne huikata tena, goti lile lile au la pili. Hata asiporudi, miaka 10 hadi 20 baadaye karibu nusu ya waliokatika ligamenti hii huwa na goti lililosagika. Aliyeumia na miaka 16 anaweza kuwa na goti la bibi yake akiwa na 30, wakati ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani.

Mama wa binti yule alinipigia simu wiki ile ile. "Mwalimu, atacheza tena?" Nilimwambia hospitali ndiyo itakayosema, na kwamba kwa miezi tisa asiniulize swali hilo, aniulize kama binti anafanya mazoezi yake ya kuimarisha paja. Anayafanya. Jioni huwa anakuja uwanjani na daftari, anachuchumaa mbele ya watoto wa kidato cha kwanza, na ndiye anayesema "ndani" kwa sauti kubwa kuliko wote.